Maswali ya vijana bungeni: yanaleta kitu au ni makofi tu?

Mlalahoi_Msomi
Wakuu, asubuhi nilikuwa foleni ya maji, redio ya jirani inarusha kipindi cha maswali kutoka Dodoma. Mbunge kauliza ni lini vijana wa jimbo lake watajengewa chuo cha VETA. Naibu Waziri kajibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wa ufundi stadi na itajenga kadiri fedha zitakavyopatikana. Mbunge kasimama tena, kashukuru kwa "majibu mazuri ya Serikali", kaomba maswali mawili ya nyongeza. Mazuri yapi hayo? Ningekuwa na uwezo, jibu lisilo na mwezi wala mwaka lingehesabiwa halijatolewa, na swali lirudi mkutano unaofuata. Mnaonaje?

Jicho_la_Mwewe
Mnamwonea Waziri bure. Vijana wenyewe wako kijiweni tangu saa mbili asubuhi wanapanga mikeka ya kubeti. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kati ya hizo ni za vijana, mkopo hauna riba. Nani anaenda kuchukua?

Ticha_Bila_Kituo
Kijiweni nani? Nimemaliza ualimu 2017. Nimefundisha kwa kujitolea, chaki nanunua mwenyewe, halafu 2025 naitwa kwenye usaili nithibitishe kama najua kufundisha. Na huo mkopo unaousifia ulisitishwa 2023, umerudi 2024. Hapo katikati ningechukulia kwako? Nenda ofisini uone: katiba ya kikundi, andiko la mradi, muhtasari wa kikao, muhuri wa mtaa. Ukifika na vyote, mhusika yuko semina.

Jicho_la_Mwewe
Usinipandishie. Mimi pia ni kijana na sijawahi kulialia. Nina 43, kanuni mpya za mikopo zinanitambua, kikomo ni 45.

Binti_wa_Gati
Shikamoo, kijana.

Jicho_la_Mwewe
Marahaba. Cheka, lakini kanuni ni kanuni.

Kifaru_Mpole
Kanuni ya mkopo hiyo. Sera ya Vijana ya 1996 ndiyo iliyosema mwisho 35.

Binti_wa_Gati
Ni ya 2007 mkuu, ya 1996 iliitangulia. Miaka 15 hadi 35, sawa na Mkataba wa Vijana wa Afrika. Umoja wa Mataifa wakihesabu wao wanaishia 24. Kwa hiyo mwenzetu hapo juu kastaafu ujana mara mbili, halmashauri wakamwita tena kazini.

Jicho_la_Mwewe
Matusi hayajengi.

Mlalahoi_Msomi
Jamani, VETA.

Kifaru_Mpole
Subiri kwanza, hili la umri ni la msingi. Mbunge akiuliza "vijana", anamuulizia nani? Wa miaka 18 aliyetoka kidato cha nne au huyu mwenye watoto wawili sekondari? Waziri naye anajibu kuhusu nani?

Jicho_la_Mwewe
Watoto watatu. Na wanasoma bila ada, elimu bila malipo tangu 2016, tena 2022 ikafika hadi kidato cha sita. Hilo hamlisemi.

Ticha_Bila_Kituo
Bila ada, sawa. Atakayewafundisha hao watatu yuko hapa anabishana na baba yao.

Karani_Mstaafu
Nawasoma tu. Miaka mingi nimekaa halmashauri fulani, siitaji. Hayo majibu mnayoyasikia yanaanzia kwetu. Swali likishapangwa, wizara inapiga simu mkoani, mkoa unatupigia sisi, sisi tunamtafuta mtendaji wa kata: saa nane taarifa iwe imefika. Siku moja swali lilikuwa la maktaba ya sekondari ambayo wananchi walianza kuijenga kwa nguvu zao. Mtendaji akanitumia picha. Kuta zimefika lenta, ndani pameota mpapai, umeshapita juu ya kuta na una mapapai kama manane hivi. Nikaandika: "Ujenzi umefikia hatua ya lenta." Si uongo. Kule Dodoma likasomwa hivyohivyo, na makofi yakapigwa. Ila nawaambia ukweli, kabla ya swali lile hakuna mhandisi aliyewahi kukanyaga pale. Wiki ileile alikwenda, na mpapai ulikatwa.

Mlalahoi_Msomi
Na bati?

Karani_Mstaafu
Nimestaafu bado halijaezekwa.

Kifaru_Mpole
Sasa mti unaozaa wanaukata wa nini? Si wangeacha wanafunzi wale?

Jicho_la_Mwewe
Kumbe watumishi wenyewe ndio mnatuangusha! Unajua kuna mpapai halafu unaandika lenta!

Karani_Mstaafu
Mwanangu, fomu haina sehemu ya mpapai.

Binti_wa_Gati
Mimi naona bora yale ya papo kwa papo ya Alhamisi kwa Waziri Mkuu. Pale hakuna karatasi ya kusoma.

Kifaru_Mpole
Yale ni ya sera tu dada. Simama uulize lenta ya kijijini kwenu, Spika atakwambia hilo lina wizara yake, kaliulize huko. Unarudi kwenye foleni ileile ya karatasi.

Mlalahoi_Msomi
Basi nabadilisha pendekezo. Tarehe mtanidanganya. Kila jibu la ujenzi liambatane na picha, ibandikwe kwenye Hansard, ile kumbukumbu rasmi ya Bunge, palepale wanapoandika Makofi.

Ticha_Bila_Kituo
Watakata mpapai kwanza ndipo wapige picha.

Karani_Mstaafu
Huyu angefaa halmashauri.

Jicho_la_Mwewe
Ticha, tuache ugomvi. Hicho kikundi chenu mmefika wangapi?

Ticha_Bila_Kituo
Wanne. Kwa nini?

Jicho_la_Mwewe
Nina wazo la mashine ya kutotolesha vifaranga. Nami niandikeni.

Binti_wa_Gati
Haya, si hakuna aendaye kuchukua?

Ticha_Bila_Kituo
Wazo si baya. Lakini una ajira rasmi wewe? Maana mwenye ajira rasmi haingii.

Jicho_la_Mwewe
Suala hilo mchakato wake unaendelea.

Mlalahoi_Msomi
(Makofi)