Nanoprobu kwenye mapafu yenye influenza: kile kinachong'aa ni nini hasa?

Mdadisi_wa_Seli:
Wakuu naombeni mnieleweshe. Nasoma hizi tafiti za panya walioambukizwa influenza, wanapewa nanoprobu (chembe ndogo sana zenye rangi ya kugundua kitu fulani) halafu mapafu yanang'aa kwenye kamera, wanasema ile ni naitriki oksaidi inayotolewa na seli za kinga. Mbona hiyo gesi ikishatoka tu kwenye seli haikai, sekunde chache ishapotea na ikikutana na hemoglobini ndo kwisha kabisa? Sasa kamera inapiga picha ya nini? Alafu kwa nini wahangaike na chembe za nano, si wangetia rangi tu moja kwa moja?

Benzini6:
Swali zuri sana hili. Kamera haiioni gesi yenyewe, inaona alama iliyoachwa. Ile rangi ina amini mbili (vikundi vyenye naitrojeni) zimekaa jirani kwenye ringi ya benzini, zikiwepo pale zinaipa rangi elektroni kila inapopigwa mwanga kwa hiyo inabaki imezima. Naitriki oksaidi ikichanganyika na oksijeni inazishambulia zile amini, zinajifunga zinakuwa ringi ya triazoli (ringi yenye naitrojeni tatu), haziwezi tena kutoa elektroni, rangi inawaka. Na ikishawaka hairudi nyuma, ni kama wino ulioshika kwenye karatasi. Kwa hiyo picha unayoiona ni jumla ya kilichotokea tangu probu ifike pale, sio hali ya dakika hiyo, na hapa watu wengi wanateleza.

Kuhusu nano: rangi ya zamani kama DAF-2, ipo tangu 1998, inatoa mwanga wa kijani karibu nanomita 515. Kwenye seli zilizo kwenye sahani inafanya kazi vizuri tu ila kifuani kwa panya mwanga huo haufiki mbali, damu inaumeza, nyama inautawanya na tishu zenyewe nazo zinang'aa kivyake. Ndo maana wamehamia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, nanomita 1000 hadi 1700. Shida rangi nyingi za huko hazipendi maji, usipozifungia ndani ya polima zinagandamana na kuzimika.

Makrofeji_Mla_Vyote:
Niongezee kitu ambacho mimi naona ndo roho ya hii mada. Pafu lililoambukizwa lina mishipa inayovuja na limejaa makrofeji, aina ya seli za kinga, na makrofeji kazi yake ni kumeza chembe, kwa hiyo nanoprobu zitajazana pale hata gesi isipokuwepo nyingi. Pafu likiwaka zaidi kuliko la panya mzima hujajua bado ni kwa sababu ya gesi au kwa sababu probu zimerundikana tu. Dawa yake ni kuweka rangi mbili kwenye chembe moja, moja inabadilika ikikutana na gesi nyingine haibadiliki, unasoma uwiano wa hizo mbili. Halafu lazima kuwe na kundi la panya waliopewa 1400W, hiyo inazuia iNOS, kimeng'enya kinachotengeneza hiyo gesi wakati wa uvimbe. Mwanga usiposhuka hapo mimi picha siiamini hata iwe nzuri vipi.

Mdadisi_wa_Seli:
Asanteni sana, hilo la kurundikana sikuwa nimeliwaza kabisa. Sasa hiyo gesi si ndo inaua virusi? Kuna haja gani ya kuifuatilia hivyo?

Makrofeji_Mla_Vyote:
Kwenye influenza mambo ni kinyume kidogo mkuu. Utafiti wa 1998 ulionyesha panya wasio na jeni ya iNOS walipona nimonia ambayo iliwaua wenzao wenye nayo, na virusi walivisafisha vizuri tu. Gesi ikikutana na supaoksaidi (aina ya oksijeni yenye ukali) inazaa kemikali inayoitwa peroksinaitraiti, hiyo inachoma protini na mafuta ya seli za pafu lenyewe. Kwa hiyo unataka kujua inaanza kupanda lini na upande gani wa pafu, maana hapo ndo utajua kizuizi ukitoe saa ngapi. Ukikutana na utafiti wenye rangi mbili pamoja na kundi la kizuizi tupia hapa tuuchambue, anzia kwenye picha za ini, probu nyingi huishia huko.