Tupeane uzoefu: nani amewahi kupigania bonde, msitu au konde lisigeuzwe viwanja?

Assalamu alaykum, wakubwa na wadogo. Nauliza kwa kuwa moto upo mlangoni kwangu. Naishi upande wa Mwera, hapa Unguja, na nyuma ya nyumba zetu kuna bonde. Masika linajaa maji, kiangazi watu wanapiga matuta ya viazi na watoto wanacheza mpira. Juzi tumeamka tumekuta vigingi na kamba za buluu. Hakuna aliyeitwa kwenye kikao.

Msinambie watu hawana pa kukaa, hilo nalijua. Sensa ya 2012 ilituhesabu Zanzibar nzima watu 1,303,569, ya 2022 ikatukuta 1,889,773, na visiwa havikuongezeka hata shubiri. Lakini bonde ndilo linalopokea maji ya mtaa mzima. Aliyewahi kupigania kitu kama hiki atupe yake, akishinda au akishindwa.

Mkaazi wa Fuoni

Sisi tulishindwa, na kwa kosa letu wenyewe, ndugu yangu. Aliyeanza kuuza hakuwa mgeni. Ni jirani yetu, mtoto wa mzee aliyepewa eka tatu baada ya Mapinduzi kwa ajili ya kulima. Alikuwa na mgonjwa ndani, akauza kipande. Nani angemsema? Tukanyamaza. Wa pili akauza kwa sababu ya harusi. Wa tatu hata sababu hakuitoa.

Karatasi yenyewe ukiisoma utacheka. Imeandikwa ameuza minazi kumi na miwili na mwembe mmoja. Ardhi haikutajwa, kwa sababu Sheria ya Umilikaji wa Ardhi ya 1992 inasema ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais. Basi watu huuziana miti, na mnunuzi akishapewa miti anaikata yote anajenga! Siku tulipokwenda kulalamika tulikuwa watu arubaini. Tukaulizwa: mnapinga nini, na nyinyi wenyewe ni mashahidi kwenye karatasi? Mie sahihi yangu ipo kwenye moja.

Gari za kifusi zikaingia usiku, wiki tatu hivi. Masika yaliyofuata maji yalikuja kulala sebuleni kwangu. Mama aliwekwa juu ya meza, na mie nikakumbuka ile sahihi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi: usingoje kigingi cha kumi. Ukiona cha kwanza, nenda kwa muuzaji kabla hujaenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Muulize ana dhiki gani. Pengine mtaa ungechanga.

Mpemba wa Kaskazini

Sisi tumeshinda, alhamdulillah, ingawa sijui mpaka lini. Kijijini kwetu kuna msitu mdogo wenye makaburi ya zamani. Wazee walikuwa hawaruhusu hata kukata fito. Vijana wa siku hizi hawaogopi mizimu, na mtu akaja na mazungumzo ya nyumba za kupangisha.

Tulichofanya ni kuutembea mpaka. Wazee wanne mbele, vijana nyuma na simu wakipiga picha kila mti wa alama: mfenesi ule, jiwe lile, kisima. Asubuhi mpaka adhuhuri. Tukagundua wazee wenyewe hawakubaliani upande wa kusini, wakagombana hasa! Bora wagombane siku ile kuliko mbele ya mnunuzi. Kisha tukaandika. Sheria ya misitu ya 1996 inaruhusu jamii kufanya makubaliano na serikali ya kuusimamia msitu wao, na sisi tukaomba kwa njia hiyo.

Halafu tulikwenda kuwatazama wenzetu wa Kidike. Wao wamelinda miti ya popo, popo ambaye hapatikani popote duniani ila Pemba, na wageni wanalipa kwenda kumwona. Yule kijana aliyekuwa anataka nyumba za kupangisha alirudi kimya garini. Sasa ndiye mlinzi wetu, na mkali kuliko wazee.

Wa ng'ambo

Mie nipo Uingereza, mji mdogo nje ya London. Huku miji mikubwa imezungushiwa ardhi wanayoiita mkanda wa kijani. London ilitungiwa sheria yake mwaka 1938, na 1955 serikali ikazihimiza halmashauri nyingine zifanye hivyo. Msidhani ni bustani ya kila mtu. Sehemu kubwa ni makonde ya watu binafsi, ila huruhusiwi kujenga ovyo, ili mji usimeze vijiji.

Kampuni ikaomba kujenga kwenye konde la farasi karibu nasi. Tulipewa siku 21 za kuandika pingamizi. Mie nilikusanya sahihi mia na zaidi nikajiona shujaa. Kumbe sahihi mia zenye maneno yale yale hazikuwa na uzito mbele ya barua ya bibi mmoja aliyeambatisha picha za barabara imefurika, kila picha na tarehe yake. Ombi likakataliwa. Wamekata rufaa, bado tunangoja.

Kijana wa Kwarara

Samahani wakubwa zangu. Nina watoto wawili, napanga chumba kimoja. Kila mnapoweka hifadhi, bei ya kiwanja inapanda kwingine. Nanyi mliojenga, wengi mmejenga kwenye mashamba ya mikarafuu na minazi. Nauliza tu.

Mkaazi wa Fuoni

Mwanangu, umesema kweli na sina jibu. Ila usinunue bondeni. Njoo uone ukuta wangu ulivyopasuka.

Wa Bububu

Nami niongeze neno dogo. Sisi tunakaa chini ya Masingini, msitu unaotunza maji ya chemchemi za huku. Hoja iliyotusaidia haikuwa ndege wala kivuli, ilikuwa bomba. Sema "maji yenu yatakauka" uone kikao kinavyojaa. Na kama mradi ni mkubwa, ulizeni kwa maandishi: uko wapi utafiti wa athari za mazingira? Barua muigonge muhuri wa mapokezi, mbaki na nakala.

Mwenye mada

Nimesoma yote, ya kijana wa Kwarara nimeyasoma mara mbili. Leo nimekwenda kwa muuzaji. Ni shemegi yangu, sikuwa najua. Amenikaribisha chai, tumezungumza mpaka magharibi, hajasema ndiyo wala siyo. Jumamosi tutautembea mpaka na wazee. Mwenye picha za bonde wakati wa masika anitumie, na mwenye kamba ndefu ya kupimia atuazime.