Mrejesho: kuhama Holdem kwenda Omaha bila kuchanganya mambo

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi, niliuliza vile mtu anaweza kucheza Holdem na Omaha, aina mbili za poka, wiki moja bila mazoea ya huku kuharibu kule, maana kundi letu hapa Kampala linabadilisha gemu kila wikendi. Kilichosaidia sana ni yule aliyesema nitamke sheria kimoyomoyo kabla sijafunua karata: Omaha ni mbili za mkononi na tatu za mezani (zile za wote), basi, kwa hiyo mezani kukiwa na kopa nne na wewe unashika kopa moja tu, hata iwe esi, hauna flashi (karata tano za alama moja) kabisa! Halafu hii ya pea ya esi. Kwenye Holdem inaipiga pea ya kingi kama mara 4 kati ya 5, lakini Omaha kila mtu ana karata 4, yaani njia 6 za kuchagua mbili, ukiing'ang'ania peke yake mpaka mwisho inakula pesa bana. Sasa naiachia mapema, roho safi.

Jumamosi tunaanza shotideki, ile ya karata 36 ambayo flashi inapita fulu hausi (tatu za namba moja na pea), mwenye uzoefu nayo aniambie nianzie wapi.