Je, ni kweli Afrika inapasuka? Naishi chini ya ukuta wa Bonde la Ufa

MamaNeema_MtoWaMbu
Habari zenu wakuu. Mwanangu yuko kidato cha pili, karudi shule anasema bara letu linakatika vipande viwili kwa sababu ya mabamba ya ardhi yanayotembea. Jioni hiyohiyo kwenye kundi la familia ikaletwa tena ile video ya ufa wa Kenya, barabara imekatika na watu wanachungulia shimo. Mimi nauza ndizi hapa Mto wa Mbu, nina kiwanja na msingi nimeshauanza. Naomba mnieleweshe: hayo mabamba ni nini, na yanatembea kweli? Niendelee kujenga?

mpima_ardhi_Dom
Dada, yanatembea, na sisi wapima ardhi hatuwezi kufanya kazi bila kuzingatia mwendo huo.

Tabaka gumu la nje la dunia si kipande kimoja. Limegawanyika katika mabamba makubwa machache na madogo mengi, yenye unene wa kama kilomita 100, mengine zaidi. Wengi hudhani yanaelea juu ya bahari ya moto. Sivyo. Chini yake ni mwamba, ila kwa joto la kule na kwa mamilioni ya miaka unalainika na kujongea, kama nta iliyopigwa na jua.

Afrika nzima inakwenda kaskazini-mashariki, karibu sentimita 2.5 kwa mwaka. Chukua alama ya zege iliyopimwa kwa satelaiti mwaka 2004, ipime tena leo: namba zimehama kama nusu mita, na zege haijaguswa. Majirani hawagombani kwa sababu mipaka yao yote imehama pamoja.

Kinachokuhusu wewe ni kwamba vipande haviendi sawasawa. Bamba la Somalia, lililobeba pwani yetu, linaachana na bamba la Nubia, lililobeba sehemu kubwa ya Afrika iliyobaki, kwa milimita chache kwa mwaka. Katikati, kuzunguka Ziwa Victoria, kuna mwamba wa kale, wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, mgumu kupasuka. Ufa ukaupitia pembeni, kushoto na kulia. Tawi la mashariki ndilo la Turkana, Naivasha, Natron na Manyara. La magharibi ni la Albert, Kivu na Tanganyika. Hapa ndipo ninapoipenda jiografia: Ziwa Tanganyika limekaa ndani ya ufa wenyewe, kina chake mita 1,470. Victoria, lenye eneo kubwa kuliko lote Afrika, limekaa juu ya mwamba ule mgumu, na kina chake hakifiki hata mita 100.

Sasa tazama hapo ulipo. Magharibi una ukuta unaopanda kwenda Karatu. Geuka mashariki, ng'ambo ya Ziwa Manyara: hakuna ukuta kama huo. Ardhi ilivutwa, ikakatika upande mmoja, ikashuka imeinama. Ukuta huo umejengwa tetemeko kwa tetemeko, kwa mamilioni ya miaka. Mjukuu wa Neema ataukuta palepale.

OleSuswa
Huo ufa wa video uko kwetu, upande wa Suswa, Machi 2018. Mvua ilinyesha vibaya sana. Udongo wa huku ni majivu ya volkano, maji yalipita chini kwa chini yakausomba, juu pakaporomoka na barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ikakatika. Bonde lipo, lakini lile shimo lilichimbwa na maji.

Anayetaka kuona bamba likiachana kwelikweli aangalie Afar, Ethiopia, Septemba 2005. Miamba iliyoyeyuka ilijipenyeza chini ya ardhi karibu na volkano ya Dabbahu, na kwa wiki chache ardhi ikafunguka kwenye mstari wa kilomita 60, mahali pengine hadi mita 8. Inanikera video ya mmomonyoko kutisha watu kila mwaka, na jambo kubwa namna hii halijulikani.

Kagera_Kwetu
Mama Neema, kutoishi chini ya ukuta si kinga. Sisi Bukoba hatuna ukuta kama wenu, lakini tarehe 10 Septemba 2016 tulipigwa na tetemeko lenye ukubwa wa 5.9. Zaidi ya watu 15 walifariki. Nyumba ya jirani yangu ilikuwa ya matofali mabichi bila renta, kuta zilifunguka kwenye pembe zote nne. Nyumba ya pili yake ilikuwa na mkanda wa zege wenye nondo, ikapata nyufa tu kwenye plasta.

MamaNeema_MtoWaMbu
Asanteni sana. Na chemchemi za maji moto zilizo Hifadhi ya Ziwa Manyara, ni volkano inakuja?

mpima_ardhi_Dom
Hapana. Maji huzama kwenye nyufa za mwamba, yanafika kina chenye joto, yanarudi juu kwa mpasuko uleule uliotengeneza ukuta. Kule Olkaria wenzetu wanachimba joto la namna hiyo, na karibu nusu ya umeme wa Kenya unatokana na mvuke.

Jenga, dada. Funga renta kuzunguka nyumba nzima, usikubali fundi aikatishe kwenye pembe. Kinachonipa wasiwasi kuliko mabamba ni mawe yanayoporomoka kutoka kwenye ukuta wa bonde na mafuriko yanayoshuka na makorongo. Kiwanja chako kiko umbali gani na korongo la karibu?