Taa za mapambo ukuta wa bahari: za mwisho zinafifia, boksi zinajaa maji

TaaZaMizingani
Asalaam aleikum mafundi. Ukuta wa bahari Mizingani, Unguja, taa za utepe za LED, volti 24, wati 9.6 kwa mita. Pawa saplai zote zimo kibanda kimoja. Kipande cha mwisho, mita 10, kinafikiwa kwa waya wa milimita 2.5 za mraba wenye urefu wa mita 60. Kinawaka kama koroboi. Boksi zimeandikwa IP67 lakini ukizifungua zina maji, na skrubu zimeota kutu. Masika yanakuja, nianze na lipi?

Volti_na_Waya
Waaleikum salaam. Anza na umbali, utepe hauna kosa. Mita 10 ni wati 96, yaani ampea 4. Shaba ya 2.5 ina omu 7.4 kwa kilomita. Kwenda na kurudi ni mita 120, kwa hiyo omu 0.89. Zidisha kwa 4: volti 3 na nusu zimeishia njiani.

Waya wa 10 utashusha upotevu hadi volti 0.9, ila bei yake utaijua dukani, na shaba nene hupendwa na wezi. Bora upeleke volti 230 (umeme wa kawaida) hadi karibu, pawa saplai ya wati 120 ikae ndani ya mita 5 za utepe, na utepe ulishwe ncha zote mbili. Usithubutu kupandisha volti kule kibandani kufidia. Vipande vya karibu vitaungua. Hiyo 230 ipite kwenye RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30, kwani watu wanaukalia ukuta huohuo.

Kombamwiko
Kuhusu maji: IP67 ni kipimo cha kuzamishwa mita 1 kwa nusu saa. Chumvi na jua havimo. Mchana boksi likipata moto hewa hutanuka na kutoka. Mvua ikilipiga ghafla hewa husinyaa, na boksi hufyonza unyevu kupitia penye kuingilia waya. Waya uingilie chini, ukifanya kitanzi kwanza ili matone yadondokee hapo. Weka na kizibo cha kupumulia, kinachopitisha hewa lakini si maji. Ile silikoni inayonuka siki iache, asidi yake inakula shaba.

Volti_na_Waya
Naongeza: maungio yamiminiwe rezini. Tepu nyeusi pwani ni mapambo tu.

ChokaaNaMawe
Skrubu ni za chuma cha pua 304, bila shaka. Chukua 316, aina inayostahimili chumvi zaidi, na kama mwili wa taa ni alumini tenganisha kwa washa (vipete) za nailoni, la sivyo alumini italika. Jengo la zamani usilitoboe jiwe. Toboa kwenye chokaa baina ya mawe. Chuma kikishika kutu huvimba na kulipasua jiwe, na kulibandika saruji baadaye ni kulifungia unyevu ndani.

Rangi ya mwanga iwe kelvini (K) 2700 hadi 3000, nyeupe ya kimanjano, taa ziangalie chini. Nyeupe ya kibuluu inaufanya Mji Mkongwe uonekane kama wodi. Ingekuwa ufuo wanakotagia kasa, kama kisiwa cha Misali kule Pemba, hata hiyo ni kali. Kule ni kaharabu (manjano ya chungwa), urefu wa wimbi la mwanga nanomita 560 kwenda juu, au giza.

TaaZaMizingani
Kuziosha je?

Kombamwiko
Maji matamu na kitambaa, mara moja kwa mwezi, umeme umezimwa. Mpira wa presha hapana, unasukuma maji kupita raba.