Nimefungiwa faiba, ruta ipi itanifaa? Naombeni ushauri kabla sijanunua

MpangajiMpya
Habari za muda huu wakuu. Nimefungiwa faiba nyumbani, kifurushi cha 200 Mbps. Fundi kaacha kiboksi cheupe ukutani sebuleni. Kinaingia waya mwembamba wa njano wenye kichwa cha kijani, na kiboksi hichohicho ndicho kinachotoa Wi-Fi. Nikikaa sebuleni simu inapima 160 hadi 180. Chumba cha mwisho, ambako ndiko nafanyia kazi, inashuka mpaka 12, na mkutano wa video ukinoga naganda mdomo wazi mbele ya wenzangu.

Nataka ninunue ruta yangu. Nimeona mbili: moja ina antena nane kama buibui, boksi limeandikwa AX5400, nyingine ni AC1200, bei yake iko chini sana. Jamaa yangu anasema chukua ya antena nyingi, hutajuta. Huo waya wa njano nauchomeka kwenye ruta mpya moja kwa moja? Na hizo namba zinasema nini? Kuta za nyumba ni za tofali, nene.

FundiNyaya
Mkuu, waya wa njano usiuguse. Hicho kiboksi kinaitwa ONT, kazi yake ni kugeuza mwanga unaokuja kwenye faiba uwe mawimbi ya umeme ambayo ruta inayaelewa. Ruta za kawaida hazina tundu la kupokea mwanga. Hata ukipata ONT nyingine, mtambo wa kampuni hautaikubali mpaka wasajili namba yake. Halafu kile kichwa cha kijani ncha yake imechongwa mshazari, digrii 8, na njia ya mwanga ndani yake ni mikromita 9 hivi, nyembamba kuliko unywele. Kikigusa kidole au vumbi, taa ya LOS, ile ya kuonya kuwa mwanga haufiki, inaweza kuwaka nyekundu ukaanza kumsubiri fundi.

Ruta yako unaiunga hivi: waya wa ethaneti kutoka poti ya LAN (ya vifaa vya ndani) ya ONT hadi poti ya WAN (ya kupokea intaneti) ya ruta mpya. Basi.

KipimoSahihi
Ngoja nikusomee namba. AC ni Wi-Fi 5, AX ni Wi-Fi 6. AC1200 ni 300 za bendi ya 2.4 GHz ukijumlisha 867 za bendi ya 5 GHz, kisha wakaikuza kidogo ipendeze. AX5400 ni 574 na 4804. Simu yako itashika bendi moja, haitapata jumla hiyo. Na hiyo 4804 inataka kifaa chenye antena nne za ndani na chaneli ya 160 MHz, wakati simu nyingi zina mbili. Kwa kifurushi cha 200 hilo ni pambo.

Antena nane nazo zisikutishe. Nguvu ya kurusha mawimbi ina kikomo cha kisheria, haipandi kwa kuongeza antena. Na simu lazima ijibu kutoka chumbani kwa nguvu yake ndogo ileile, kupitia tofali zilezile.

Cha kukagua ni maandishi madogo nyuma ya boksi: poti ya WAN ni 10/100 au 10/100/1000, yaani inaishia Mbps 100 au 1000? Ziko AC1200 tele zenye poti za 10/100. Ukifunga hiyo unalipia 200 unapata 94, na hakuna mpangilio utakaoiponya.

BibiMtandao
Mnamchosha kijana wa watu. Anunue meshi, vile vipande vya Wi-Fi vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja, kipande kimoja sebuleni kimoja koridoni, alale.

FundiNyaya
Dada, meshi ni nzuri kama vipande vimeungwa kwa waya, au vina redio ya pekee ya kuongea vyenyewe. Zile zinazopokea na kurusha kwa redio ileile, kasi inakatika karibu nusu kabla haijafika kwenye simu. Na kipande cha pili ukikiweka mahali penye mawimbi mabovu, kitarusha ubovu huohuo.

BibiMtandao
Kwangu ipo miaka sasa na hakuna anayelalamika. Ila kuta zangu ni za mbao, tofali sijui.

MpangajiMpya
Nimechomeka laptopu kwenye ONT kwa waya ili nijue ukweli. Inapata 94 tu! Yaani kampuni inanipunja?

KipimoSahihi
Usiwapigie bado. Hiyo 94 ni alama ya poti au waya unaokimbia kwa 100. Tazama kando ya matundu: ONT nyingine zina poti moja tu ya gigabiti (Mbps 1000), imeandikwa GE, zilizobaki ni FE, za 100. Kama umo kwenye GE, badili waya. Gigabiti inatumia jozi zote nne za nyuzi. 100 inatosheka na mbili, ya chungwa na ya kijani. Ya bluu au ya kahawia ikikatika, waya haufi, unashuka kimyakimya tu.

MpangajiMpya
Nilikuwa LAN3, kweli imeandikwa FE. LAN1 inasoma 190 na ushee. Asante sana mkuu. Sasa ruta mbili zikiwaka pamoja si zitagombana?

MsomajiTu
Ukiziacha zote zikiwa ruta utavinjari vizuri, ila michezo ya mtandaoni na kamera za kutazama ukiwa mbali vinaweza kukusumbua, sababu anwani zinabadilishwa mara mbili. Unaweza kuiomba kampuni iweke ONT kwenye hali ya briji, yaani ipitishe intaneti tu na kazi ya ruta iachiwe ruta yako. Hapo udai jina na nenosiri la PPPoE (njia ya ruta kujitambulisha kwa kampuni) kama wanatumia, na namba ya VLAN (lebo ya njia ya intaneti yako) kama ipo. Bila hizo intaneti haitaingia, nawe utailaumu ruta bure.

Rahisi zaidi: ONT ibaki kuwa ruta, hiyo mpya iweke kwenye hali ya aksesi pointi, yaani itoe Wi-Fi tu bila kugawa anwani.

MpangajiMpya
Basi niambieni ninunue ipi.

KipimoSahihi
Kati ya hizo mbili, hata moja. Tafuta Wi-Fi 6 ya kuanzia AX1500 hadi AX3000, poti zote gigabiti, ulinzi wa Wi-Fi wa WPA3, na mtengenezaji anayeendelea kutoa masasisho. Ingia tovuti yake uone tarehe ya sasisho la mwisho la modeli hiyo. Likiwa la miaka mitatu nyuma, pita. Kisha fuata ile njia rahisi ya MsomajiTu, ya aksesi pointi, uvute waya kutoka LAN1 mpaka chumba cha mwisho, ruta ikae humohumo unamofanyia kazi. Simu na laptopu zishike 5 GHz. Ile 2.4 ipe chaneli 1, 6 au 11, tofauti na ya ONT.

MpangajiMpya
Waya upite darini au chini ya milango?

FundiNyaya
Darini, ndani ya bomba lake peke yake, usichanganye na nyaya za umeme. Waya wa ethaneti wa daraja la Cat5e unatosha, ila hakikisha ni shaba tupu, siyo alumini iliyopakwa shaba. Usiupinde kona kali. Na acha mita moja au mbili za ziada upande wa chumbani, maana meza ya kazi huwa inahama.