Mto chini ya mgodi wa makaa ya mawe, tunapimaje maji wenyewe?

mtuwabondeni:
Wakuu habari za jioni. Niko kamati ya maji ya kijiji huku Nyanda za Juu Kusini, juu yetu kuna mgodi wa makaa na kuna kijito kinashuka toka upande ule kinaingia mto tunaochota. Toka mwaka jana mawe ya kijito yamevaa utando wa rangi ya chungwa, ukiukwangua na kidole unateleza kama ute, na akina mama wanalalamika nguo nyeupe zinatoka na madoa ya kutu. Tulipopiga kelele akaja jamaa wa mgodini na kimashine, akachovya, akasema pH (kipimo cha asidi) ni saba maji hayana shida, akaondoka hata kuandika hakuandika, na mvua kubwa ilikuwa imenyesha juzi yake. Sasa tunataka tupime wenyewe, tuanzie wapi na hela yenyewe ya mfuko wa kamati mnaijua?

FundiMita:
Pole mkuu. pH saba peke yake haisemi kitu. Kwenye makaa mara nyingi kuna pairaiti, yaani chuma na salfa, ikifukuliwa ikakutana na hewa na maji inatoa asidi, sasa asidi ikipita kwenye mwamba wenye chokaa inapozwa, pH inarudi saba, chuma kinaganda ndo huo utando wako, ila salfeti inabaki humo humo inashuka na maji. Kwaiyo nunueni kimita cha kalamu cha kupima EC, yaani maji yanavyopitisha umeme, namba ikipanda chini ya kijito ujue kuna chumvi zimeingia, hapo ndo mpeleke chupa maabara wapime salfeti, chuma na manganizi. Pimeni juu kabla kijito hakijaingia, kwenye kijito chenyewe, na chini maji yakishachanganyika. Bila ile ya juu huna kesi, watasema mto umekuja hivyo hivyo.

Af mtiririko, hapa ndo watu wanapigwa chenga. Chukua mfano kiangazi kijito kinatoa lita 10 kwa sekunde na salfeti ni miligramu 300 kwa lita, hiyo ni kama kilo 259 kwa siku. Masika maabara inakupa 200, unafurahi, kumbe kijito kimefika lita 50 na mzigo ni kilo 864! Kupima sio kazi: sehemu iliyonyooka weka kamba mbili mita 10 kati yake, tupa chungwa, hesabu sekunde, rudia mara tano, pima upana na kina kwa fimbo kila nusu mita, af kasi (mita 10 gawa kwa sekunde) zidisha na 0.85 maana maji ya chini yanaenda taratibu kuliko ya juu, kisha zidisha na upana na kina cha wastani upate mtiririko.

mzee_wa_vinyungu:
Nimekaa kitengo cha mazingira mgodini miaka kadhaa (sio huo), naomba nipingane kidogo. Utando wa chungwa unatoka hata kwenye vinyungu (bustani za mabondeni) na vinamasi visivyo na mgodi, kuna bakteria wanakula chuma. Pandeni juu mwangalie kwanza kabla hamjaita waandishi.

dada_K:
Mzee yuko sawa ila msisubiri sana. Carolina kule Mpumalanga, Afrika Kusini, Januari 2012 mvua kubwa ilisukuma maji ya asidi yaliyokuwa yamelala kwenye kinamasi karibu na migodi ya makaa yakaingia bwawa la mji, maji ya bomba yakawa hayanyweki miezi, mpaka watu wakaenda mahakamani. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndo siku ya kuwa mtoni na chupa. Na andikeni barua bodi ya maji ya bonde lenu muombe masharti ya kibali cha mgodi cha kutiririsha maji machafu, wao ndo wanakitoa, sheria ya usimamizi wa rasilimali za maji ya 2009. Siku ya sampuli waiteni na mgodi, chupa moja yao moja yenu, muda uandikwe.

mtuwabondeni:
Shukrani wakuu. Leo tumepanda na vijana, juu ya kijito mawe ni meusi kama zamani, vinyungu vipo na mifereji yake haina utando, unaanzia pale pale kijito kinapoingia. Machungwa hamna saivi tumetumia malimao ya nyuma ya nyumba, sekunde 22, 24, 21, moja likanasa kwenye matete. Kimita kinakuja na basi toka Mbeya. Kina cha maji tupimie darajani? Pale kuna pa kusimama.

FundiMita:
Hapana, nguzo zinakoroga maji. Sogeeni juu hatua hamsini, mtalowa tu.